Ndoa ya Maslahi katika Riwaya za Bengal

Riwaya nyingi za Kiingereza za karne ya 19 zilizoea kufunga hadithi kwa arusi. Kijana na msichana hupendana, huzuiwa, huvumilia, na mwisho huoana. Kitabu hukoma hapo kana kwamba baada ya arusi hapana jambo la kusimuliwa. Bankim Chandra Chattopadhyay alipotoa Durgeshnandini mwaka 1865, na riwaya ikapata nguvu katika lugha ya Kibengali, waandishi wa lugha hiyo walikuwa na desturi nyingine mbele ya macho yao. Katika nchi yao bwana na bibi arusi aghalabu hawakuonana mpaka siku ya ndoa. Wazee walichagua, mnajimu alitazama nyota, fedha ilihesabiwa, na mapenzi yalitarajiwa kuja nyuma kama mvua inavyotarajiwa na mtu aliyekwisha panda. Arusi, basi, haikuwa lazima iwe mwisho wa hadithi. Iliweza kuwa mwanzo wake, na mara nyingi ikawa mwanzo wa mashaka. Ndani ya mashaka hayo lilikuwamo swali moja ambalo watunga riwaya, mahakimu na watunga sheria wa Bara Hindi walilishindania kwa muda mrefu: ndoa hufungwa na nini, ibada au ridhaa?

Ibada yenyewe haikuwa jambo dogo. Arusi ya Kihindu ya Bengal ilitanguliwa na kupakwa manjano mwilini. Wakati wa ndoa ulipowadia, bibi arusi, hali ameufunika uso wake kwa majani ya tambuu, aliketishwa juu ya kibao, akachukuliwa na jamaa zake wanaume na kuzungushwa mara saba kumzunguka bwana arusi. Ndipo majani yalipoondolewa, macho mawili yakakutana na macho mawili. Tendo hilo liliitwa shubhodrishti, yaani mtazamo wa heri. Wakabadilishana mashada ya maua. Baba au mzee mwingine wa nyumba akamtoa binti kwa ibada ya kanyadan. Moto ukawashwa uwe shahidi. Zikafuata hatua saba za saptapadi. Na bwana arusi akampaka mkewe sindur, rangi nyekundu, penye njia ya nywele. Kila tendo lilikuwa na maana ya fungamano na heri. Lakini kanyadan ni utoaji wa zawadi, na zawadi haiulizwi kama inapenda kutolewa.

Pamoja na zawadi hiyo ilikwenda fedha. Msomaji wa Kiswahili amezoea mahari yatokayo upande wa mume. Katika nyumba nyingi za Wahindu wa tabaka za juu katika Bengal mambo yalikuwa kinyume: baba wa msichana ndiye aliyelipa, na kadiri kijana alivyozidi elimu na cheo ndivyo bei yake ilivyopanda. Rabindranath Tagore aliifanya biashara hii kuwa kiini cha hadithi fupi ya mwaka 1891, Dena Paona, ambayo jina lake hutaja madeni na madai. Ramsundar amekubali kulipa rupia 10,000 ili binti yake Nirupama aingie katika nyumba ya heshima. Saa ya arusi inafika, na fedha haikutimia. Baba wa kijana anataka kusimamisha ndoa. Kijana mwenyewe anakataa kuacha, kwa kuwa yeye alikuja kuoa wala hakuja kununua. Ndoa inafungwa, na deni linahamia kwa Nirupama. Katika nyumba ya mavyaa yake anadharauliwa, anakatazwa kwenda kwao, anaugua na kufa. Maziko yake yanafanywa kwa fahari kubwa, kisha mumewe anatafutiwa mke mwingine kwa rupia 20,000, na mara hii fedha inalipwa papo hapo.

Mambo haya hayakuwa ya vitabuni tu. Miaka michache kabla ya hadithi hiyo, mji wa Bombay ulitikiswa na kesi ya Rukhmabai. Alizaliwa mwaka 1864, akaozwa akiwa na umri wa miaka 11 kwa Dadaji Bhikaji, kijana mwenye umri wa miaka 19. Mapatano yalikuwa kwamba kijana akae na jamaa ya msichana, asome na ajirekebishe. Hakufanya hivyo. Rukhmabai alibaki nyumbani kwa mama yake na baba yake wa kambo, Dk. Sakharam Arjun, akajisomea na kupanuka akili. Mwaka 1884 Dadaji alikwenda Mahakama Kuu kudai mkewe. Mwaka 1885 Jaji Pinhey aliikataa dawa hiyo ya kisheria, kwa hoja kwamba haikuwa haki kumlazimisha mwanamke kuingia kwa mume aliyefungishwa naye alipokuwa mtoto asiyeweza kujitetea. Rufani ilikatwa, na mwezi Machi 1887 Jaji Farran akaamuru Rukhmabai aende kwa mumewe, au afungwe miezi sita. Alijibu kuwa gereza lilikuwa bora kwake. Bal Gangadhar Tilak aliiona kesi hiyo kuwa shambulio juu ya desturi za Kihindu, akampinga katika gazeti la Kesari. Wengine walimchangia na kumtetea. Mwaka 1888 Dadaji alipokea rupia 2,000 na kuacha dai lake. Rukhmabai akaenda London kusoma udaktari, akarudi kuwatibu wanawake wa Surat.

Ubishi wa mahakamani ulikuwa wazi: ibada imefanyika, ridhaa haikuwako; kipi kinashinda? Hakimu hulazimika kujibu ndiyo au siyo. Mtunga riwaya ana nafasi ya kuligeuza jambo pande zote, na Tagore alifanya hivyo katika Noukadubi, Kuzama kwa Mashua, iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1906. Ramesh, mwanafunzi wa sheria wa Calcutta, anampenda Hemnalini; baba yake anamwita nyumbani na kumwoza msichana mwingine. Wakati wa mtazamo wa heri Ramesh anafumba macho. Wakirejea kwa mashua dhoruba inawazamisha. Ramesh anazindukana mchangani, anamwona msichana mwenye mavazi ya bibi arusi, naye anamdhania kuwa mkewe. Baadaye anagundua kwamba huyu ni Kamala, mke wa daktari aitwaye Nalinaksha, ambaye Kamala naye hajapata kumwona sawasawa. Kosa la jicho lililofumbwa linazaa hadithi nzima.

Hapo pana fundisho lenye makali pande mbili. Kama ibada peke yake yatosha, Ramesh na Kamala si kitu wao kwa wao, hata wakikaa nyumba moja miezi mingi kwa wema na kuzoeana. Kama kuzoeana kwatosha, Nalinaksha hana haki yoyote. Tagore anamfanya Kamala, mara aujuapo ukweli, amwache Ramesh na kumfuata mume asiyemjua mpaka Varanasi, ambako anaingia nyumbani kwa mavyaa yake kama mtumishi. Msomaji aweza kuuita huo ushindi wa ibada. Lakini Kamala aendaye Varanasi hakutolewa na mtu. Amekwenda kwa miguu yake na kwa shauri la moyo wake. Ndoa aliyofungishwa bila kuulizwa anaifunga upya kwa kutaka mwenyewe.

Sarat Chandra Chattopadhyay alilijia swali hilo kwa mlango mwingine katika Parineeta ya mwaka 1914; jina hilo maana yake ni mwanamke aliyeolewa. Gurucharan, karani maskini, ameweka nyumba yake rehani kwa jirani tajiri ili kumwoza binti yake mmoja, na mabinti wengine wangalipo. Lalita, yatima anayelelewa naye, anaitwaa arusi ya wanasesere kuwa mzaha: anamvika Shekhar, mwana wa tajiri, shada la maua. Shekhar anamvika naye. Hapana padri, hapana moto, hapana hatua saba wala shahidi. Hata hivyo Lalita anajihesabu tangu saa hiyo kuwa mke wa mtu, na mchumba mwema mwenye fedha anapomtaka, anamwambia kuwa amekwisha olewa. Kamala alikuwa na ibada bila ridhaa. Lalita ana ridhaa na kipande kidogo tu cha ibada. Wote wawili wanafikia mahali pamoja: neno la mwisho linakuwa la mwanamke, katika nchi ambayo neno lake lilikuwa halitafutwi.

Isidhaniwe kwamba waandishi walikuwa nje ya desturi walizozieleza. Tagore mwenyewe alioa mwaka 1883 msichana wa umri wa miaka kama 10, na mwaka 1901 aliwaoza binti zake wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine asiyetimiza 12. Aliyeandika Dena Paona alikuwa mwana wa nyumba kubwa na baba wa mabinti. Jambo hilo halipunguzi thamani ya kalamu yake. Laonyesha jinsi desturi ilivyokuwa na nguvu hata juu ya mtu aliyeiona kasoro yake.

Sheria ilifuata kwa mwendo wa pole. Mwaka 1872 ndoa ya kiserikali iliruhusiwa kwa wale waliokiri kuwa si wa dini kubwa za nchi. Mwaka 1891 umri wa ridhaa wa msichana ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 12, na mwaka 1929 umri wa kuolewa ukawekwa 14. Kisha, mwezi Mei 1955, Bara Hindi huru ilipata Sheria ya Ndoa ya Wahindu. Sheria hiyo haikuizima ibada: ilisema kwamba penye desturi ya saptapadi ndoa hutimia hatua ya saba inapokanyagwa. Lakini ilisema pia kwamba ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au kwa hila yaweza kuibatilisha ndoa. Mambo mawili yaliyogombana katika kesi ya Bombay yaliandikwa ndani ya sheria moja. Rukhmabai aliiona siku hiyo; alifariki mwezi Septemba wa mwaka huo huo.

Mwaka 1961 sheria nyingine ilipiga marufuku fedha ya kumwoza binti, lakini desturi hiyo haikufa kwa kukatazwa, wala Nirupama hajawa mtu wa kale. Kwa sababu hiyo riwaya hizi zimeendelea kusomwa na kufanywa filamu. Hazikudai kwamba kila ndoa iliyopangwa na wazee ni dhuluma, kwa maana zimejaa wazee wema na ndoa zilizopata baraka. Zilidai kidogo zaidi, na hicho kidogo kilichukua muda mrefu kupatikana: kwamba kabla ya hatua ya saba, yule anayekwenda aulizwe, na jibu lake lingojewe.