Video Zile ni za Nani? Kampeni ya City of Heroes na Kazi za Mashabiki

Tarehe 31 Agosti 2012, wachezaji wa City of Heroes walipokea habari iliyowashtua: kampuni ya NCsoft ya Korea Kusini imeamua kuufunga mchezo wao wa mtandaoni, na studio ya Paragon iliyokuwa ikiuendeleza kule California inavunjwa. Mchezo ulikuwa na umri wa miaka minane. Kampuni ya Cryptic Studios iliuanzisha Aprili 2004, na humo kila mchezaji alijibunia shujaa wake, akamchagulia umbo, vazi, nguvu na jina, kisha akaenda kupambana na wahalifu katika mji wa kubuni uitwao Paragon City.

Mashabiki hawakukubali kirahisi. Ombi lao la kutaka mchezo usifungwe lilipata saini zaidi ya 20,000. Tarehe 8 Septemba walikusanyika kwenye seva ya Virtue, mbele ya jengo la halmashauri ya mji katika eneo la Atlas Park, mashujaa wao wakiwa wameshika mienge. Walifurika hata mfumo ukalazimika kufungua nakala kadhaa za eneo hilohilo ili kila mmoja apate pa kusimama.

Katika kampeni ya namna hiyo, video ina kazi kubwa. Asiyewahi kuucheza mchezo hawezi kuelewa kwa maneno matupu kwa nini watu wazima wanaulilia mji usiokuwepo duniani, lazima aonyeshwe. Lakini video za michezo zina udhaifu mmoja wa tangu zamani: ni rahisi mno kupoteza jina la aliyezitengeneza.

Udhaifu huo unaanzia kwenye ufundi wenyewe. City of Heroes ilikuwa na amri ya kurekodi tukio. Kilichohifadhiwa hakikuwa picha, bali faili la maandishi lenye orodha ya mienendo ya wahusika, na programu ya mchezo ililisoma na kulionyesha upya. Mtu aliweza kulifungua faili hilo, akabadilisha majina, akahamisha kamera, kisha akatengeneza video. Mtu mwingine akipewa faili lilelile aliweza kutoa video tofauti. Na mtazamaji aliona nini? Jina la shujaa tu. Mtu aliyekaa kwenye kibodi hakuonekana popote, wala aliyehariri, wala aliyechagua muziki. Video ikishushwa na kupakiwa upya kwenye akaunti nyingine, mwenye akaunti ndiye anayechukuliwa kuwa msanii.

Suala la nani katengeneza nini lilikwisha kuufikisha mchezo huo mahakamani. Novemba 2004 kampuni ya Marvel iliwashtaki NCsoft na Cryptic, ikidai kwamba wachezaji walikuwa wakiunda mashujaa wanaofanana na wake, kama vile Hulk na Wolverine. Mwaka 2005 jaji wa California aliziondoa baadhi ya picha zilizoletwa kama ushahidi, kwa sababu ilibainika kwamba wahusika waliomo waliundwa na watu wa Marvel wenyewe. Pande hizo zilipatana nje ya mahakama Desemba mwaka huo.

Mwaka 2006 kosa la kumhusisha asiye mtengenezaji na video lilifika mpaka Bunge la Marekani. Kamati ya ujasusi ilionyeshwa video iliyoelezwa kuwa propaganda ya wapiganaji wa Kiislamu, wanaotumia michezo ya kompyuta kuvutia vijana. Kumbe ilikuwa kazi ya shabiki wa mchezo wa kompyuta wa Battlefield 2 huko Uholanzi. Maneno makali yaliyosikika ndani yake yalitoka kwenye Team America, filamu ya vichekesho ya vikaragosi ya mwaka 2004. Mchezaji wa kawaida wa Battlefield angeweza kuwaeleza ukweli huo kwa dakika chache, ila hakuna aliyemuuliza.

Wakati mwingine jina hufunikwa na biashara. Kampuni ya Machinima ilijenga chaneli kubwa ya YouTube kwa kazi za watengenezaji wengi, na nembo iliyokaa mbele ilikuwa yake. Januari 2019 video za chaneli hiyo ziliondolewa hadharani, na mwezi uliofuata kampuni ikafungwa. Kazi za miaka mingi zikatoweka machoni pa watu, na waliozitengeneza hawakuwa na uwezo wa kuzirudisha kwenye chaneli ile.

Kampeni ya mwaka 2012 haikufaulu kumbadilisha mmiliki mawazo. Seva zilizimwa tarehe 30 Novemba. Kuanzia siku hiyo picha na video ndizo zilizobaki kuwa ushahidi wa umma kwamba Paragon City ilikuwa na watu, sherehe, mazishi na urafiki. Mtu aliyebandika jina lisilo sahihi kwenye video hizo alikuwa anaiharibu historia ya jumuiya nzima, maana hapakuwa tena na mji wa kurudi kuhakikisha.

Aprili 2019 ilifichuka kwamba kikundi cha mashabiki kilikuwa kimeuendesha mchezo huo kwa siri kwa takriban miaka sita. Msimbo wake ukatolewa, seva mpya zikaanzishwa, na Januari 2024 NCsoft ikawapa rasmi kibali waendeshaji wa seva ya Homecoming. Wapenzi wa mchezo wamerudi, na maswali kuhusu nani alirekodi nini yamerudi pamoja nao.

Basi yeyote mwenye video za mchezo uliofungwa, au unaokaribia kufungwa, aziandikie mambo manne leo: aliyerekodi, aliyehariri, seva na tarehe. Na anayetaka kupakia kazi ya mwenzake aanze kwa kumtafuta mwenyewe na kumwomba ruhusa. Asipompata, aseme wazi kwamba kazi si yake.