Gome la Mutuba na Theluji ya Nzururu: Alama za Dini katika Kolaji na Urithi wa Kasese na Bwera

Katika historia ya sanaa ya Uganda, kolaji, yaani kazi inayoundwa kwa kuunganisha vipande vya vitu mbalimbali juu ya uso mmoja, imeegemea sana kitambaa cha magome ya mti wa mutuba. Kitambaa hicho kiliingia katika sanaa ya kisasa kikiwa tayari na uzito wa kidini. Huko Buganda wafu walizikwa wakiwa wameviringishwa humo, na katika makaburi ya Kasubi ndicho pazia linalotenga msitu mtakatifu wa Makabaka. Sanaa Gateja anaposhona shanga za karatasi juu yake, maana hiyo ya kale hubaki chini ya shanga. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ustadi wa kukitengeneza kuwa urithi wa binadamu.

Makala haya yanahoji kwamba mfano wa Buganda hautoshi kueleza Kasese na Bwera. Kwa Wakonzo, alama kuu ya dini iko mlimani. Nzururu ni theluji na ni mungu wa theluji. Ni baba wa Kithasamba na Nyabibuya, wenye mamlaka juu ya uhai wa binadamu, uendelevu wake na ustawi wake. Neno la Kiswahili "theluji", lenye asili ya Kiarabu, hutaja kitu tu. Mfasiri anayeliweka mahali pa Nzururu bila maelezo huhifadhi kitu na kupoteza nasaba.

Nguvu ya jina hilo ilidhihirika mwaka 1962, Wakonzo na Waamba walipotangaza kujitenga na Toro chini ya uongozi wa Isaya Mukirania, aliyekuwa mwalimu. Dola yao waliiita Rwenzururu. Ufalme, bendera na wimbo wa taifa vilifuata mitindo ya dola za wakati huo, lakini vilibandikwa juu ya jina lililotoka katika imani za mlimani. Kwa maana hiyo Rwenzururu yenyewe ilijengwa kama kolaji. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo mwaka 2009.

Sera za urithi hazikuufuata mkondo huo. Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa vigezo vya maumbile pekee. Kasubi iliingizwa mwaka 2001 kwa vigezo vya utamaduni. Hivyo mlima wa Nzururu umeandikwa kwa mimea, wanyama na mandhari yake, bila imani zake.

Pengo hilo lina gharama. Mutuba ukibanduliwa gome huota jingine. Barafu ya Rwenzori, iliyokadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, ilikuwa chini ya kilomita 1 ya mraba mwaka 2003. Alama inapoyeyuka, kinachobaki ni maneno yake.

Kwa hiyo istilahi za imani hizi zikusanywe kwa Lukonzo kutoka kwa wazee wa Kasese na Bwera, pamoja na Wanande, ndugu zao wa ng'ambo ya Mpondwe. Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mwaka 2005, kinafaa kuunganisha pande hizo, mradi kamusi na maelezo ya maonyesho ya sanaa yabakize Nzururu na Kithasamba kama majina ya nafsi. Msanii wa kesho atakayetaka kuibandika theluji ya Rwenzori katika kazi yake atahitaji kwanza kujua ni baba wa nani.