Historia: Kijiji Kilichokataa Televisheni

Leo tutasafiri mbali, mpaka kaskazini ya Kanada, kwenye kisiwa cha Igloolik. Huko bahari huganda kwa miezi mingi, na watu hupita juu ya barafu. Wenyeji ni Wainuiti, na lugha yao ni Kiinuktituti.

Zamani Wainuiti hawakuweka historia yao vitabuni. Wazee walisimulia, watoto wakashika kwa masikio. Kisha zikaja shule, na mafundisho yakawa kwa Kiingereza. Mtoto mmoja, Zacharias Kunuk, aliyezaliwa mwaka 1957, alitolewa kambini kwa wazazi wake akapelekwa shule Igloolik. Pale zilionyeshwa sinema za kigeni. Naye akachonga vinyago vya mawe, akaviuza, akapata kiingilio.

Mwaka 1975 watu wa Igloolik waliulizwa: Je, mwataka televisheni? Wakapiga kura, wakakataa. Mwaka 1979 wakaulizwa tena, wakakataa tena. Msidhani waliogopa mambo mapya. Bunduki walikuwa nazo, na pikipiki za theluji pia. Sababu yao ni kwamba katika televisheni ile hapakuwa na Kiinuktituti. Mgeni asemaye kila jioni katika kila nyumba, wala hasikii ajibiwapo, angewaachia watoto lugha gani? Mwaka 1982 shirika la utangazaji la Wainuiti wenyewe lilianza kurusha vipindi kwa lugha yao. Mwaka 1983 Igloolik ikakubali.

Kunuk naye, mwaka 1981, alikuwa amepeleka vinyago vyake Montreal, akaviuza, akanunua kamera. Mwaka 1990 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya sinema, wakaiita Isuma, maana yake kufikiri. Walitengeneza sinema ya hadithi ya kale ya Atanarjuat, mtu aliyekimbia uchi juu ya barafu kuiokoa roho yake. Mwaka 2001 ilipata tuzo huko Cannes, Ufaransa.

Sinema hiyo ni ya karibu saa tatu. Lakini hadithi nyingi za wazee ni fupi, nazo zafaa sinema fupi. Mwaka 2021 Kunuk alitoa sinema ya dakika 20 iitwayo Angakusajaujuq, yaani mwanagenzi wa mganga. Msichana anayejifunza uganga yampasa kushuka chini ya ardhi, amwulize Kannaaluk, Yule wa Chini, kwa nini mtu fulani ameugua. Waigizaji ni wanasesere. Mwanasesere hupigwa picha, husogezwa kidogo, hupigwa tena. Picha zikifuatana upesi, yeye huonekana anatembea. Lakini sauti ni za watu, na lugha ni Kiinuktituti.

Basi, angalieni: watu wa Igloolik hawakukikataa chombo siku zote. Walingoja mpaka kiweze kusema nao kwa lugha yao, kisha wakakishika kwa mikono yao wenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Watu wa Igloolik walikataa televisheni mara ngapi, na kwa nini?

2. Kunuk alipataje fedha za kununua kamera?

3. Nyumbani kwenu, ni nani ajuaye hadithi ambayo ninyi hamjapata kuisikia? Mwendeeni kabla ya somo lijalo. Andikeni hadithi yake kwa maneno yake, mje mtusomee.

Kwaherini.