Kiwango cha Sauti katika Kunasa Dansi na Ngoma za Morogoro

Mtafiti wa lugha asikilizaye kanda za muziki wa Morogoro hutafuta maneno, na upesi hugundua kwamba mengine hayasikiki. Aghalabu lawama hutupiwa mwimbaji. Nathubutu kusema kwamba mara nyingi kosa ni la kitufe kimoja, kile kipimacho sauti inayoingia katika kikuza sauti cha kwanza cha mashine.

Mji huu ulio chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944, ambayo Mbaraka Mwinshehe aliipigia hadi 1973, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki 1965. Katika studio ya redio ya taifa bendi ilipiga yote kwa pamoja; kipimo kikikosewa, hapakuwa na njia ya kusahihisha sauti moja peke yake.

Na dansi yenyewe ina mtego. Mwanzo ni wa kuimba, gitaa likienda taratibu. Kisha huja chemko, magitaa na ngoma vikapanda pamoja, na katikati ya vishindo hivyo mwimbaji hutupa maneno ya papo hapo yasiyoandikwa popote. Fundi aliyepima kwa ubeti wa kwanza huyapoteza. Mshale wa mita ya zamani, ambayo kanuni yake iliwekwa Marekani mwaka 1939, huchukua kama sehemu 3 za kumi za sekunde kufikia kipimo. Pigo la ngoma huwa limekwisha kupita.

Utepe wa sumaku ulikuwa na huruma: sauti ikizidi, uliharibika kidogo kidogo. Mashine za tarakimu hukata kichwa cha wimbi mara lifikapo sifuri. Mimi mwenyewe, nikinasa ngoma ya Waluguru mlimani, nilipima wakati wapigaji wakijaribu ngozi kwa vidole. Ngoma ilipokolea niliteremsha kitufe cha kutolea sauti, mita ikatulia, nikaridhika. Kumbe kikuza cha kwanza kilikuwa kimezidiwa, na kinachoharibika mlangoni hakitengenezeki ndani. Viishio vya vitenzi, ambavyo ndivyo nilivyovifuata, vilimezwa na mkwaruzo.

Tangu hapo huwaomba wapigaji waanze na kishindo chao kikubwa, nami huacha desibeli 12 chini ya sifuri. Kikuza kikizidiwa bado, hutia kipunguzi cha desibeli 20, au husogeza maikrofoni nyuma: mahali pa wazi, umbali ukiwa maradufu, sauti hupungua kama desibeli 6. Hata hivyo hakuna apigaye majaribio kama apigavyo uwanja ukijaa. Basi desibeli 6 nyingine huziweka akiba kwa ajili ya usiku wa manane.