Tibakinga, Kingatiba na Tiba ya Kuamsha Kinga

Kiswahili kina maneno mawili ya kitabibu yaliyoundwa kwa mashina yale yale, kingatiba na tibakinga, na yote mawili yameshapata kazi. Nchini Tanzania kingatiba ni dawa wanayomezeshwa wakazi wa eneo lenye matende na mabusha, wagonjwa kwa wazima, ili maambukizi yakatike. Tibakinga, iandikwe kwa neno moja au mawili, ni dawa anayopewa mtu anayeishi na VVU, au mtoto anayelala nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, ili naye asije akaugua. Wahudumu wa afya wanayatumia kila siku na wananchi wameshayazoea. Sasa kuna tawi jingine la tiba, imunotherapia, yaani kutibu ugonjwa kupitia mfumo wa kinga wa mwili, ambalo wapo wafasiri wanaoliita hilo hilo jina la tibakinga, au tiba ya kinga. Nionavyo, jina hilo linampotosha mgonjwa, na upotoshaji wake unaonekana vizuri zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye saratani inayotajwa sana magazetini. Tiba hiyo inapotumika dhidi ya chunjua na vipele vingine vya virusi, inafaa iitwe tiba ya kuamsha kinga.

Tatizo linaanzia kwenye neno kinga lenyewe. Maana yake ya zamani ni kitendo cha kuzuia: kuzuia mvua, kuzuia pigo, kuzuia ugonjwa. Ndiyo maana ya kinga katika ule usemi wa zahanati zetu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, ambamo maneno hayo mawili yamewekwa kama mahasimu: mwenye hili hahitaji lile. Kisha ukaja UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, na neno likapata maana ya pili ambayo leo hata mtoto wa shule anaijua, yaani mfumo uliomo mwilini wa kupambana na vijidudu. Maana zote mbili ni halali, lakini zinapoingia kwenye neno ambatani hakuna kinachomwonyesha msikilizaji achukue ipi. Akisikia tibakinga atachukua ile iliyotangulia, kwa sababu ndiyo aliyokwisha kuizoea kliniki. Mkanganyiko kama huu upo pia kwenye kingamwili, ambayo mwandishi mmoja huitumia kwa chembechembe za protini zinazokamata vijidudu na mwingine kwa mfumo mzima, ingawa kamusi zilikwisha kutupa neno fingomwili kwa zile chembechembe. Nalipenda neno hilo, maana lina harufu ya kiganga na bado linaeleza kazi sawasawa. Inasikitisha kwamba halikushika.

Tuitazame chunjua yenyewe. Ni kiuvimbe kigumu cha ngozi kinachosababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu, familia yenye aina zaidi ya 200. Baadhi yake huota mikononi na nyayoni, na aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazoleta masundosundo sehemu za siri. Kirusi hiki huingia kwenye mkwaruzo mdogo, kikajificha katika seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi, tabaka lisilo na mishipa ya damu. Seli zile zinapopanda kuelekea juu kama kawaida yake, nacho hupanda nazo na kuzaliana humo, mpaka zinapopukutika na kukimwaga nje. Hakiui seli kwa kishindo, hakiingii katika mzunguko wa damu, hakisababishi homa. Kikulacho, safari hii, ki ngozini mwako na wala hakikuumi. Kwa hiyo mfumo wa kinga, ambao hushtushwa na seli zinazokufa na uvimbe unaowaka, hupita pembeni miezi na miaka bila kujua. Mwenye chunjua kwa kawaida ana kinga kamili, ila haijapata habari. Siku ikipata, chunjua hunyauka yenyewe. Utafiti wa Massing na Epstein uliochapishwa Marekani mwaka 1963 uliwafuatilia watoto kwa miaka miwili, na theluthi mbili hivi ya chunjua zao zilitoweka bila kutibiwa. Upande wa pili wa ushahidi ni wagonjwa ambao kinga yao imeporomoka, kama walio na VVU na hawajaanza dawa, au waliopandikizwa figo na wanameza dawa za kuituliza. Kwao chunjua huwa nyingi, kubwa na kaidi.

Tiba zilizozoeleka hushambulia mahali palipoota: asidi ya salisiliki huimenya ngozi tabaka kwa tabaka, naitrojeni ya kimiminika huigandisha kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tiba tunayoizungumzia ina njia nyingine. Daktari huchoma ndani ya chunjua moja, aghalabu ile kubwa kuliko zote, kiasi kidogo cha kitu ambacho mwili wa mgonjwa umeshawahi kukutana nacho: antijeni ya fangasi wa kandida, au tuberkulini ile ya kupimia kifua kikuu, au chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Mwili hukitambua mara moja, seli za kinga hukimbilia pale, na katika purukushani hiyo hukutana na kirusi cha papiloma kilichokuwa kimetulia. Imikwimodi, krimu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya masundosundo, hufikia lengo hilo bila sindano: haikiui kirusi yenyewe, bali hugusa kipokezi kiitwacho TLR7 katika seli za kinga, nazo hutoa interferoni. Ushahidi unaoshawishi zaidi ni ule wa chunjua za mbali. Mgonjwa huchomwa kwenye kidole na chunjua ya goti, ambayo haikuguswa, nayo hutoweka. Asidi haina uwezo huo wa kusafiri. Jaribio la Horn na wenzake la mwaka 2005 liliwalinganisha waliochomwa antijeni na wasiochomwa antijeni, na waliochomwa walipona zaidi. Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada: kwa kuwa watoto wetu wengi huchanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, wanapozaliwa, wengi wana uwezekano wa kuitikia tuberkulini.

Hapo ndipo jina linapoleta faida au hasara. Anayeambiwa amepewa tibakinga atadhani amechanjwa asipate chunjua, atashangaa bado anazo, na pengine atailinganisha na chanjo ya papiloma ambayo wasichana wa Tanzania walianza kupewa nchi nzima mwaka 2018 na wa Kenya mwaka 2019. Chanjo hiyo ni kinga kwa maana ya kwanza: huzuia maambukizi yasiingie, wala haikukusudiwa kuondoa yaliyokwisha kuingia. Anayeambiwa kinga yake inaamshwa ataelewa mengine bila hotuba ndefu. Ataelewa kwa nini pamevimba na pamekuwa pekundu, kwa nini matokeo huchukua wiki kadhaa, kwa nini chunjua moja tu ndiyo iliyochomwa, na kwa nini daktari anamuuliza kuhusu VVU na ujauzito kabla ya kushika sindano. Swali hilo la mwisho si la udadisi. Chanjo ya surua na BCG zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na hazichomwi kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana.

Mtaalamu atapinga kwamba si kila imunotherapia huamsha. Mwenye mzio huchomwa dozi ndogo ndogo ili kinga yake izoee na itulie, na mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hupewa fingomwili zilizotengenezwa tayari. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi jina langu kwa tawi zima. Tawi liitwe tiba kupitia kinga, kisha chini yake tuwe na tiba ya kuamsha kinga, ya kutuliza kinga na ya kuazima kinga. Wengine watasema tubaki na imunotherapia yenyewe, na sina ugomvi nao katika majarida ya madaktari. Kwenye karatasi anayopewa mgonjwa, neno hilo halimwambii kitu. Kuhusu urefu wa jina ninalolipendekeza, watu waliozoea kusema kidonda cha tumbo na shinikizo la damu hawatachoka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina hili huenda likaahidi zaidi kuliko inavyotoa tiba. Majaribio mengi ni madogo, mbinu zake hazifanani, na chunjua zina tabia ya kuondoka zenyewe, jambo linaloipamba kila dawa iliyokuwa karibu siku zilipoondoka. Asidi ya salisiliki, rahisi na ya bei nafuu, ingali na ushahidi imara na inafaa ibaki kuwa mwanzo wa matibabu kwa walio wengi, na sindano ya antijeni iwasubiri wenye chunjua nyingi au zilizokataa dawa nyingine. Lakini kuamsha si kushinda, na Mswahili anaijua tofauti hiyo: unaweza kumwamsha mtu akageuka ubavu akalala tena. BAKITA na wanaoandika vipeperushi vya hospitali wawaachie wenyewe kingatiba na tibakinga, na tiba hii ya chunjua waiandike tiba ya kuamsha kinga.