Nguo Yenye Fumbo

Kitendawili! Tega. Nimemvaa msemaji, lakini asemalo silijui.

Ndugu msomaji, ukiwa mtu wa pwani utajibu haraka haraka: kanga. Umepata. Lakini kwetu Ushetu jibu hilo lina kisa chake, na kisa hicho nilikishuhudia kwa macho yangu. Kabla sijakisimulia, tuitazame kwanza historia ya nguo yenyewe.

Kabla ya kanga, watu wa bara waliijua merikani. Hii ilikuwa nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa Unguja na meli za Marekani, hasa kutoka mji wa Salem, tangu miaka ya 1830. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na mizigo ya nguo hizo. Ilitumika kama fedha: chakula cha msafara, ushuru wa mtemi, vyote vililipwa kwa merikani. Ikitiwa rangi nyeusi ya nili ikaitwa kaniki. Nguo zote mbili zilikuwa bubu, hazina neno hata moja.

Huko pwani, katika nusu ya pili ya karne ya 19, akina mama walibuni jambo. Walinunua leso za mraba, wakazishona vipande sita pamoja, ikapatikana nguo moja ya maua. Jina hilo la leso ni la Kireno, na Mombasa wanalitumia hadi leo. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyochapwa Ulaya na Bara Hindi. Inasemekana madoadoa yake yaliwakumbusha watu yule ndege kanga, basi jina likabaki. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha merikani na kaniki wakavaa kanga za rangi. Kumbe hata kabla ya kuandikwa neno, nguo hiyo ilikuwa imeanza kusema: na mimi ni mtu!

Na maneno je? Anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na kujulikana kwa jina la Abdulla. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hizi herufi tunazosoma shuleni. Tangu hapo kanga ikawa na sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ndilo fumbo lenyewe. Mwanamke akigombana na jirani hahitaji kufungua kinywa. Anajifunga kanga anapita mlangoni. Akiulizwa, anajibu, "Mimi nimevaa nguo yangu tu, wewe una nini?"

Baada ya uhuru tukaanza kuchapa kanga wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Pamba ya Shinyanga ikawa inasafiri kwenda kiwandani, na kanga zikasafiri kuja huku kwa mkulima. Lakini hapa ndipo penye swali langu. Mama wa pwani alilijua fumbo la nguo yake kwa sababu Kiswahili ni lugha ya mama yake. Bibi wa Ushetu je, anayeota kwa Kisukuma na hakuwahi kukalia dawati? Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi walijifunza kusoma. Bibi yangu hakuwemo. Alikuwa shambani.

Basi, sikilizeni. Nilikuwa darasa la nne. Baba yangu mdogo alikuwa machimboni, akapata hela kidogo, akaoa. Bibi akauza karanga, akaenda gulioni kununua kanga ya kuwapokelea wakwe. Akachagua ya njano iliyokoza. Akamwuliza muuzaji imeandikwa nini. Yule muuzaji alikuwa na haraka zake, akasema, "Dhahabu, bibi. Inasema mambo ya dhahabu." Bibi akafurahi mno. Mwanawe si mchimba dhahabu?

Siku yenyewe wakwe wakafika, wakakaribishwa, ugali na kuku vikaja. Shangazi wa bibi harusi, mama wa mjini Kahama, akaitazama ile kanga kisha akarudisha mkono. Hakula. Wenzake nao wakaacha. Nikaitwa mimi msomi nisome. Nami kwa mbwembwe nikasoma kwa sauti: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu."

Wee! Pakawa kimya. Shangazi akasema, "Kwa hiyo mtoto wetu ni adhabu?"

Bibi akaingia ndani, akatoka na kaniki yake ya zamani. Akapiga magoti mbele ya watu aliowazidi umri. Akasema, "Mimi nilinunua rangi. Maneno yamekuja yenyewe."

Walikula, ndiyo. Lakini kwa miaka miwili hivi wakwe hawakukanyaga tena kwetu. Mke wa baba mdogo alipojifungua, bibi aliichukua ile kanga na mkasi. Akakata kile kipande chenye maneno, na iliyobaki akaipeleka iwe mbeleko. Wiki iliyofuata shangazi akaja kumwona mtoto.

Vitabu vinatutajia wafanyabiashara, viwanda na miaka. Ni vizuri. Lakini waliovaa hawatajwi, na huku bara wengi walivaa maneno ya watu wengine bila kujua yanasema nini. Vijana wenzangu mnaoandika, waulizeni bibi zenu kila kanga ilitoka wapi na ilileta nini nyumbani. Waulizeni sasa, wangali hai.

Kile kipande cha maneno bibi hakukitupa. Alifungia mfuko wa mbegu za karanga. Mwaka jana nilimwomba nikihifadhi, akakataa. Akasema, "Nifundishe kwanza kukisoma."

Tumefika herufi ya nne.