Nani, au Lini?
Bibi yangu wa Shinyanga ana macho mekundu. Ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kuni zetu tangu miti ipungue. Kwetu macho hayo yameua vikongwe wengi.

Mwaka 1927 Waingereza walifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mwaka uliofuata wakatunga sheria ya uchawi. Mwenye kichaa alipata pa kupelekwa. Mwenye hofu tu, asiyelala usiku, alibaki na mfumu. Naye, tusimdharau, alisikiliza vizuri. Alipasua kuku, akauliza habari za ukoo, akataja masamva, wahenga waliosahauliwa. Lakini mara nyingi swali lilifika kwenye "nani?", na jibu lilikuwa na jina na nyumba.

Nadhani ndipo tulipojifunza kunyamaza. Hata mchimbaji wa Geita aliyeona duara likimfukia mwenzake hunywa, halafu hurudi chini. Kusimulia hofu ni kumtafutia mtu kesi.

Nilimwendea mshauri nasaha nikiwa na miaka 26. Nilikuwa nikiogopa kila simu ya usiku kutoka nyumbani. Nilijiandaa kuulizwa nani. Akauliza, "Ilianza lini?"

Nililia kabla sijajibu.